Soma Mkanda, Usisome Kopo: Namna ya Kusaka Nakala Adimu za Filamu za Nyumbani

Kopo lilikuwa limeshika kutu ukingoni, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: "Milima". Muuzaji alikuwa ameshalitia kwenye kapu la vitu vya kutupa, pamoja na nyaya na balbu zilizoungua. Nikavuta kama nusu mita ya mkanda, nikauelekeza dirishani, nikaweka lenzi yangu jichoni. Mlima sikuuona. Nilimwona mtu mwenye kofia iliyobondeka akikimbizwa na askari wawili, na baina ya kila picha na mwenzake palikuwa na tundu moja, katikati kabisa ya mkanda. Nikalipa alichotaja bila kuomba apunguze.

Nilifanya kazi ya ufundi saa kwa miaka 34. Lenzi ya jichoni, vibano na subira nilikuwa navyo kabla sijanunua mkanda wa kwanza. Nayaandika haya kwa anayeanza, kwa sababu naona wengi wakipoteza fedha na mioyo yao kwa kosa lile lile: wanasoma kopo, hawasomi mkanda. Makopo hubadilishana mikanda kwa miaka mingi. Watoto huchanganya, warithi huandika wanachokisia, wauzaji hunakili walichokisia warithi. Mkanda wenyewe haujabadilika tangu ulipotoka kiwandani, ila kwa kuzeeka.

Nikisema nakala za nyumbani simaanishi sherehe za familia zilizopigwa na baba mwenye kamera. Naongelea filamu za sinema, vichekesho, katuni na habari, zilizochapwa kwenye mikanda myembamba ili watu wazitazame sebuleni kwa projekta ndogo, zamani kabla ya kaseti za video.

Anza na matundu

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa mikanda ni lazima uambiwe utazame wapi. Tazama matundu.

Tundu likiwa katikati, baina ya picha na picha, huo ni mkanda wenye upana wa milimita 9.5, aina iliyoletwa na Pathé ya Ufaransa mwishoni mwa 1922 kwa jina la Pathé-Baby. Kwa kuwa matundu hayali nafasi ya pembeni, picha yake ni kubwa ajabu ukilinganisha na upana wa mkanda. Mikanda ya mwanzo ilikaa ndani ya vikasha vidogo vya duara, na vikasha hivyo hupotea kirahisi kwa sababu watu huvidhania ni vipuri vya mashine fulani.

Milimita 16 ilitoka Kodak mwaka 1923. Ina tundu kwenye kila mstari unaotenganisha picha, pande zote mbili kwa filamu bubu, na mara nyingi upande mmoja tu kwa filamu yenye sauti, maana upande wa pili umeachiwa njia ya sauti. Milimita 8 ya kawaida ni ya 1932, na Super 8 ni ya 1965. Hizi mbili ndizo zinazowachanganya watu, kwa kuwa upana wake ni sawa. Ile ya kawaida ina tundu pana, lililo mkabala na mstari wa kutenganisha picha. Kutoka tundu hadi tundu ni milimita 3.81. Super 8 ina tundu dogo, mkabala na katikati ya picha, na umbali ni milimita 4.23. Huhitaji kupima. Weka vipande viwili kando kando mara moja tu na jicho lako halitasahau. Usiamini ukubwa wa tundu la katikati ya rili, lile gurudumu linalozungushiwa mkanda, maana wapo waliozungushia mkanda wa kawaida kwenye rili za Super 8.

Ukikutana na mkanda mpana zaidi, wenye matundu matatu kwa kila picha upande mmoja na tundu moja upande wa pili, tulia kidogo. Hiyo ni milimita 28 ya Pathé, iliyoanza 1912. Ya Marekani ina matatu pande zote mbili. Katika maisha yangu nimeshika mkanda wa namna hiyo mara tatu tu.

Hapa kuna onyo moja ambalo silifanyii mzaha. Kodak na Pathé walitengeneza mikanda hii ya nyumbani kwa asetati, ambayo haiwaki ovyo. Lakini vipande vya milimita 35 vilivyouzwa pamoja na projekta za watoto, na baadhi ya mikanda ya kale sana ya milimita 17.5, vinaweza kuwa vya nitrati, na nitrati ikishika moto haizimiki. Ukiona mkanda wa upana wa sinema kwenye kasha la mtoto, usiuweke kwenye projekta yenye taa, usiuhifadhi chumba cha kulala, na uulize hifadhi ya filamu iliyo karibu nawe.

Ile picha moja yenye maneno

Nirudi kwa yule mtu wa kofia. Niliuzungusha mkanda wake wote kwa mkono na sikuona kadi hata moja ya maandishi. Nikaamini zimekatwa. Kwa wiki mbili niliandika kwenye daftari kwamba nakala ni pungufu.

Kisha usiku mmoja kidole changu kilikwaruzwa na ukingo wa mkanda. Palikuwa na pengo dogo, kama jino limeng'olewa, na pengo hilo lilikuwa safi mno kuwa uharibifu. Karibu yake nikaona picha moja tu yenye maneno meupe juu ya weusi. Moja, basi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wazee wa milimita 9.5 wanalijua tangu utotoni. Pathé walitaka kuokoa mkanda, kwa hiyo badala ya kuchapa kadi kwa sekunde tano nzima, walichapa picha moja au mbili, wakakata pengo ukingoni. Projekta yao ilipogusa pengo ilisimamisha mkanda kwa sekunde kadhaa huku mashine ikiendelea kuzunguka, msomaji akasoma, kisha picha zikaendelea. Kwenye projekta isiyojua mapengo, maneno hupita kama kope likipepesa.

Kwa hiyo unapokagua milimita 9.5, pitisha ukingo polepole kati ya vidole viwili ukiwa umevaa glavu nyembamba za pamba. Kila pengo lina neno karibu yake. Mimi nilikuta mapengo tisa, na la kwanza lilinipa jina la filamu, ambalo halikuhusiana na milima hata kidogo.

Na hata jina likipatikana, usiridhike upesi. Kampuni za nyumbani zilikuwa na desturi ya kufupisha filamu na kuipa jina jipya. Kuna katuni ya Oswald, yule sungura wa Walt Disney wa kabla ya Mickey, iliyokaa kwa mwanahistoria mmoja wa katuni huko Japani kwa miaka kama 70. Aliinunua akiwa kijana, ikiwa imebandikwa jina linalomtaja Mickey. Ilipotambuliwa mwaka 2018 ikaonekana ni filamu ya 1928 iliyokuwa ikihesabiwa kuwa imepotea. Ndiyo maana katalogi za kale ni silaha kuliko projekta. Nunua katalogi yoyote ya kampuni za filamu za nyumbani, kama Pathé, Kodascope, Castle au Blackhawk, unayoikuta, hata iliyochanika. Maelezo mafupi ya hadithi ndiyo yatakayokuwezesha kutambua mkanda usio na jina.

Mahali pa kupita

Minada mikubwa ya filamu ni mahali pazuri pa kujifunza bei na pabaya pa kupata adimu kwa bei nafuu, kwa sababu pale kila mtu ana lenzi. Mimi hupita kwingine. Nyumba zinazogawa vitu vya marehemu. Shule na maktaba zinazoondoa vifaa vya zamani. Mafundi wa kamera wanaofunga duka. Na juu ya yote, watu wanaouza projekta, kwa kuwa anayeuza projekta mara nyingi ana mikanda ambayo hajafikiria kuiuza. Muulize tu: "Kuna mikanda yoyote iliyobaki?" Muulize pia kama kuna rili iliyoachwa ndani ya mashine yenyewe. Mara mbili nimekuta mkanda bora zaidi wa nyumba nzima umekaa kwenye mkono wa nyuma wa projekta, kama ulivyoachwa na mwenyewe usiku wa mwisho alipoutazama.

Mtandaoni, tafuta kwa maneno ya mtu asiyejua. Muuzaji anayejua ataandika milimita, kampuni na mwaka, na bei yake itafuata elimu yake. Asiyejua ataandika "mikanda ya kale", "rili za babu", "vikasha vya chuma". Nunua mafungu mchanganyiko unapoweza. Na ukiwa nyumbani kwa mtu, ukishaoneshwa vizuri, omba kwa adabu kuoneshwa vibovu pia. Makopo yaliyobondeka hufichwa nyuma kwa aibu. Sema ukweli kwamba wewe ni mkusanyaji, na ukitambua kitu cha thamani kubwa mbele ya mjane asiyejua, mwambie. Nimefanya hivyo, na waliniuzia hata hivyo, wakaniita tena walipofungua dari.

Picha unazopaswa kudai

Usinunue kwa picha ya boksi. Omba picha ya mkanda wenyewe, sentimita 10 zikiwa zimeelekezwa kwenye dirisha au karatasi nyeupe iliyoangazwa, matundu na kingo zote zionekane. Omba picha ya pili kutoka katikati ya rili kama anaweza kufika, maana mwanzo wa mkanda ndio uliochakaa zaidi na wakati mwingine ni kipande cha filamu nyingine kilichoungwa. Kisha omba picha ya rili kutoka ubavuni, yenye rula kando yake.

Rula hiyo inakuokoa na uongo mmoja wa kudumu: "filamu nzima". Piga hesabu. Mita moja ya Super 8 ina picha kama 236. Kwa picha 24 kwa sekunde, mita 60 huenda dakika 10, mita 120 dakika 20. Filamu ya dakika 90 inahitaji karibu mita 550 za Super 8. Kwa milimita 16, yenye picha kama 131 kwa mita, filamu hiyo hiyo ni karibu kilomita moja ya mkanda. Basi mtu akikuonesha rili moja ya mita 120 na kukuambia ni filamu nzima ya saa moja na nusu, hana nia mbaya pengine, ila amesoma boksi. Ana ufupisho.

Uliza kuhusu sauti. Nakala nyingi za Super 8 zenye sauti zina utepe wa sumaku, mstari wa kahawia ukingoni. Sauti ya sumaku inaweza kufutwa, na wapo waliorekodi muziki wao juu ya mazungumzo. Mstari ukiwepo, hujathibitisha sauti. Umethibitisha mahali pake tu.

Rangi na pua

Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Nilinunua Super 8 ya rangi, rili nne, kwa muuzaji aliyeziita safi kabisa. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja, kweli. Zilikuwa nyekundu tupu. Bahari nyekundu, majani mekundu, nyuso kama zimeoshwa kwa damu ya mbali. Rangi za mikanda ya Eastman, yaani ya Kodak, ya miaka ya 1950 hadi 1970 hufifia, buluu-kijani ikitangulia kuondoka, na kinachobaki ni uwaridi na wekundu. Hakuna dawa ya kuirudisha kwenye mkanda wenyewe. Omba picha ya sehemu yenye anga au majani, kamwe si ya uso wa mtu, kwa sababu uso mwekundu kidogo hudanganya.

Kingo husaidia. Ukiona herufi LPP, hiyo ni aina ya Eastman ya baadaye iliyotengenezwa ili isififie haraka. Technicolor, mfumo mwingine wa rangi, iliyochapwa kwa kuhamisha rangi haififii kwa namna ile, na kwenye milimita 16 watu huililia. Kodachrome, mkanda mwingine wa rangi wa Kodak, nayo hudumu. Nyeusi na nyeupe haina shida hii. Nakala nyingi za Kodascope, zile zilizotengenezwa kwa kukodishwa miaka ya 1920 na 1930, zina rangi ya kaharabu iliyowekwa makusudi, usidhani zimechakaa.

Kwenye milimita 16 ya Kodak tafuta pia alama ndogo za duara, mraba na pembetatu ukingoni. Zinaeleza mwaka mkanda mtupu ulipotengenezwa, na mfumo wake hujirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo unahitaji akili ya kuchagua mzunguko sahihi. Lakini angalia: alama nyeusi kwenye ukingo mwangavu ni za mkanda ulioushika. Alama nyeupe kwenye ukingo mweusi zimenakiliwa kutoka kwenye negatifu, yaani mkanda ambao nakala ilichapwa kutoka kwake, na mwaka wake ni wa negatifu. Nimeona watu wakibishana usiku kucha juu ya umri wa nakala, kila mmoja akisoma alama tofauti, na wote wakiwa sahihi.

Kisha pua. Fungua kopo ukiwa umelisogeza usoni. Harufu ya siki maana yake asetati inaoza na kutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza zaidi. Mkanda husinyaa, hukunjamana, mwisho hauingii kwenye projekta. Utepe wa sumaku huongeza kasi hiyo. Kama una makopo mengi, zipo karatasi za kupimia zilizobuniwa na Image Permanence Institute ya Marekani: unaifungia moja ndani ya kopo kwa saa 24, nayo hugeuka kutoka buluu kwenda kijani na hatimaye njano kadiri asidi ilivyo nyingi. Mkanda wenye siki utengwe siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa mara moja, nikapoteza rafu.

Mkanda wa poliesta, aina nyingine ya plastiki, hauna ugonjwa huo. Shika rili mbele ya taa na uitazame kutoka ubavuni: poliesta hupitisha mwanga, asetati hubaki giza. Ila kumbuka poliesta haikatiki. Ikinasa, kitakachovunjika ni projekta.

Adimu ni ipi hasa

Uzee si uadimu. Castle Films ya Marekani ilianza kuuza filamu za nyumbani mwaka 1937 na ikauza kwa wingi mno kwa miongo. Mikanda yake ni ya zamani na imejaa kila mahali. Kinyume chake, baadhi ya Super 8 za mwisho kabisa ni ngumu kupatikana, kwa sababu video ilipoingia wanunuzi walitoweka na nakala zilizochapwa zilikuwa chache. Derann ya Uingereza iliendelea kutoa filamu nzima kwa Super 8 hadi karne hii, ikafunga 2011. Baadhi ya matoleo yake ya mwisho, wanaoyamiliki hawayaachii.

Adimu ya pili ni ile ambayo haikukusudiwa kumilikiwa, kama Kodascope za kukodisha. Na adimu ya tatu, inayonitoa usingizini, ni filamu ambayo nakala zake kubwa za sinema zimeshaangamia, ikabaki hii ndogo ya sebuleni. Kevin Brownlow alikuwa kijana wa shule Uingereza miaka ya 1950 alipopata rili za milimita 9.5 za filamu ya Napoléon ya mwongozaji Abel Gance, ya mwaka 1927. Rili hizo chache ndizo zilizomtia kwenye kazi ya kuikusanya filamu hiyo upya, kazi iliyokula miongo ya maisha yake.

Ukifika nyumbani

Usiuweke kwenye projekta. Najua hamu. Zungusha kwanza kwa mkono, polepole, juu ya kisanduku cha mwanga, ukihesabu viungo na matundu yaliyochanika. Viungo vya gundi vya zamani hukauka na kuachia; vikaze upya kwa utepe maalumu wa filamu, kamwe si utepe wa karatasi za ofisini, ambao gundi yake hutambaa hadi kwenye picha za jirani. Hifadhi pakavu na baridi, kwenye kopo linalopumua, mbali na mikanda yenye siki. Na kuwa na nakala hakukupi haki ya kuionesha hadharani kwa malipo. Umiliki wa mkanda na haki za filamu ni vitu viwili.

Ukihisi umeshika kitu ambacho hakijulikani kuwepo kwingine, usikioneshe hata mara moja. Piga picha za kadi na nyuso, wasiliana na hifadhi ya filamu ya taifa, omba wakichanganue. Mkwaruzo usikukatishe tamaa. Mwaka 2008 kwenye jumba la makumbusho ya filamu la Buenos Aires ilitambuliwa nakala ya milimita 16 ya filamu ya Metropolis ya mwongozaji Fritz Lang, imekwaruzika vibaya sana, na ndani yake mlikuwa na takribani dakika 25 ambazo dunia ilikuwa imeshazikatia tamaa.

Mtu wangu wa kofia bado yuko nusu. Mkanda wangu unaishia anapopanda ngazi ya nje ya nyumba, askari mmoja akiwa ameshika kisigino chake. Katalogi inasema ziko sehemu mbili, na ya pili inaanzia juu ya paa, kukiwa na kamba ya nguo na mwanamke mwenye ndoo. Ukikuta kikasha cha duara kisicho na jina, tundu likiwa katikati ya mkanda, vuta nusu mita, elekeza dirishani, na utafute kamba ya nguo.